UZI: Dr. Light wa Mega Man, vifaa alivyounda na namna ya kuvitumia ipasavyo

FundiKoili

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa Dr. Thomas Light, mzee wa ndevu nyeupe na koti la maabara katika gemu za Mega Man za Capcom. Wengi wanamchukulia kama picha ya kwenye utangulizi: anaonekana, adui wake Dr. Wily anaiba roboti zake, basi, tunaanza kufyatua. Mimi nasema ukimwelewa Light unacheza vizuri zaidi, kwa sababu karibu kila kitu unachokishika mikononi kilianzia kwenye maabara yake, na kilianza kama kifaa cha kazi.

Tuanze na gemu ya kwanza, ya Desemba 1987. Light aliunda Rock awe msaidizi wa maabara na Roll awe wa kazi za nyumbani. Kisha zikaja roboti sita za viwandani. Cut Man alikuwa wa kukata miti. Guts Man alibeba mawe kwenye ujenzi. Ice Man alifanya kazi kwenye baridi kali, Bomb Man alilipua na kusafisha ardhi, Fire Man alichoma taka, na Elec Man aliangalia umeme kwenye mitambo ya kuzalisha nguvu. Wily akazibadilisha programu zote sita. Rock aliomba mwenyewe abadilishwe awe roboti wa mapambano, yaani Mega Man, na Light akakubali kwa shingo upande. Ndiyo maana Mega Man hana silaha nyingi zake mwenyewe. Ana bastola ya mkononi, halafu anachukua zana za ndugu zake mmoja mmoja.

Hao sita ndio mabosi wa hatua, na ukimshinda mmoja unapata silaha yake. Ukizikumbuka kazi zao, mpangilio wa mabosi unajieleza wenyewe bila kukariri. Bomu linapasua mwamba, kwa hiyo Hyper Bomb ni ya kumpiga Guts Man. Jiwe linaponda mkasi, kwa hiyo Super Arm ni ya kumpiga Cut Man. Mkasi unakata waya, kwa hiyo Rolling Cutter ni ya kumpiga Elec Man. Thunder Beam inammaliza Ice Man, Ice Slasher inamzima Fire Man, na Fire Storm inawasha utambi wa Bomb Man. Mduara umefunga.

Anza na Bomb Man kwa bastola ya kawaida. Anaruka sana na mabomu yake ni ya polepole, ukikimbia chini yake anaporuka hakupati. Toka hapo fuata: Guts Man, Cut Man, Elec Man, Ice Man, Fire Man.

Kwenye chumba cha Cut Man kuna matofali mawili makubwa. Nyanyua moja kwa Super Arm, mtupie, kisha la pili. Uhai wake ni vipande 28 na kila tofali linaondoa 14. Viboko viwili pambano limekwisha. Kosa la kawaida ni kutupa tofali akiwa bado anametameta kutokana na kipigo cha kwanza. Wakati huo hadhuriki, tofali linapotea bure na chumbani hakuna la tatu.

Elec Man ndiye wa kuogopa kuliko wote. Mwale wake mmoja unakutoa vipande 10, ikifika mitatu umekwisha. Rolling Cutter nayo inamtoa 10, kwa hiyo hapo anayetangulia ndiye anayeshinda. Ingia, fyatua mara moja kabla hajaanza kuruka, rudi nyuma, fyatua tena.

---

Mwale_wa_Sumaku

Mkuu umefungua vizuri. Naongezea jambo moja ambalo bila hilo mtu atafika kasri la Wily na kukwama: Magnet Beam.

Hiki ni kifaa cha Light, hakitoki kwa bosi yeyote. Kipo ndani ya hatua ya Elec Man, pembeni ya njia, kimezibwa na matofali. Bastola haiyagusi. Unahitaji Super Arm kuyanyanyua au Thunder Beam kuyavunja. Ukifuata mpangilio wa FundiKoili unafika kwa Elec Man ukiwa tayari na Super Arm, unakichukua palepale. Ukienda kwa Elec Man mapema, itabidi urudi hatua ile mara ya pili.

Matumizi: gusa kitufe cha kufyatua upate kijiti kifupi, shikilia upate kirefu. Unasimama juu yake kama ngazi ya hewani, kisha baada ya muda mfupi kinapotea. Watu wanaanguka kwa sababu wanapiga kijiti kirefu, wanatembea hadi mwisho wake, ndipo wanafikiria kingine. Piga cha pili ukiwa bado katikati ya cha kwanza, tena ukiwa umeruka kidogo ili kiwe juu zaidi. Na usikitumie kwenye sehemu za kuruka tu kwa kawaida, maana nishati ikiisha ndani ya kasri huna njia nyingine pale panapokihitaji.

---

mchezaji_mpya_22

Asanteni wakuu. Swali: nimefika kwa lile dude la njano, Yellow Devil. Linajigawa vipande na kuruka upande wa pili. Linashindwaje?

---

FundiKoili

Karibu ndugu. Vipande vinaruka kwa mpangilio uleule kila mara, haubadiliki hata kidogo. Kwa hiyo usijaribu kukimbizana navyo kwa macho. Simama upande wa mbali na linapotoka, jifunze mdundo wa kuruka: kipande cha chini unakiruka, cha juu unakiacha kipite. Ukifa mara chache kwa ajili ya kujifunza mdundo tu, hiyo si hasara.

Linadhurika kwenye jicho peke yake, na jicho linafunguka likishajikusanya. Silaha yake ni Thunder Beam: kila pigo linatoa 4 kati ya 28, yaani mapigo saba. Kwa bastola ni moja moja, na hapo ndipo watu wanapotupa rimoti.

Kwenye toleo la NES (mashine ya zamani ya Nintendo) kuna mbinu inayojulikana. Fyatua Thunder Beam jicho likiwa wazi, na mwale ukiwa juu ya jicho bonyeza kitufe cha Select kusimamisha gemu, iachie, bonyeza tena, mfululizo. Kila ukisimamisha, mwale unabaki palepale huku muda wa bosi wa kutodhurika ukiendelea kwisha, kwa hiyo mwale uleule mmoja unahesabiwa kama pigo jipya. Mwale mmoja uliopigwa vizuri unalimaliza. Ukiona haifanyi kazi, sababu huwa moja: umebonyeza mapema, mwale haujafika kwenye jicho.

---

BintiWaMaabara

Mimi napenda zaidi Light wa Mega Man 2 (Japani ilitoka Desemba 1988). Hapo ndipo unaona anavyokufuatilia safarini. Ukimshinda Heat Man anakutumia Item-1, ukimshinda Air Man unapata Item-2, ukimshinda Flash Man unapata Item-3. Hakuna hata kimoja kinachopiga. Vyote ni vya kukuvusha.

Item-1 ni kijukwaa kinachopanda polepole, unaweza kuweka vitatu kwa pamoja. Item-2 ni chombo kinachokwenda mbele kwa kasi hadi kigonge ukuta, na nishati inatoka muda wote kinapotembea. Item-3 inatambaa sakafuni, ikikuta ukuta inaupanda.

Ushauri: mpige Air Man kabla ya Heat Man. Hatua ya Heat Man ina sehemu ndefu ya matofali yanayotokea na kupotea juu ya moto, na ni hapo watu wanamaliza roho zote. Ukiwa na Item-2 unapita juu ya sehemu hiyo umekaa. Hakikisha nishati yake imejaa kabla ya kuanza, na usiruke-ruke ukiwa juu yake.

Sehemu ya pili ya kuwa makini ni bosi wa hatua ya nne ya Wily, zile mashine za ukutani zinazofyatua zote kwa pamoja. Zinavunjika kwa Crash Bomb peke yake. Crash Bomb ikijaa ni risasi saba. Mashine ni tano, na kuna kuta zinazoziba baadhi yake, kwa hiyo zinabaki mbili tu za kuta. Hakuna ya kupoteza. Mashine za juu zifikie kwa Item-1 na Item-3 badala ya kutoboa kila ukuta unaouona. Na kabla ya kuingia, jaza nishati kwa kuua maadui wa njiani, kwa sababu ukifa Crash Bomb haijirudishi yenyewe.

---

Mzee wa Kasri

Wakuu, naheshimu sana huu uzi ila mimi nina hoja dhidi ya Light. Huyu mzee anasifiwa kwa wema, lakini roboti zake zimeibwa mara ngapi? Gemu ya kwanza sita. Gemu ya tatu (1990) anakubali kushirikiana na Wily kuunda Gamma, roboti mkubwa wa kulinda amani, na Wily anamchukua Gamma. Gemu ya kumi na moja (2018) roboti nane zipo kwenye maabara yake kwa ukaguzi, Wily anaingia na kuziondoa zote mbele ya macho yake. Mtu mwema asiyejifunza kulinda kazi yake anawaumiza wengine. Na anayelipa ni Rock, aliyeumbwa kusaidia maabara.

Na Proto Man je? Roboti wake wa kwanza kabisa. Chanzo chake cha nguvu kilikuwa na hitilafu, Light akataka kumfungua amrekebishe, Proto Man akahofia kwamba akifunguliwa hatakuwa yeye tena, akaondoka. Mtoto wako hawezi kukuamini na mwili wake, hapo kuna tatizo.

---

BintiWaMaabara

Mzee wangu, hoja yako nzito na sitaipuuza. Lakini iangalie kwa upande wa pili. Light alikuwa na uwezo wa kumzuia Proto Man kwa nguvu. Ni roboti, ana programu, na Light ndiye aliyeiandika. Hakufanya hivyo. Alimwacha aamue, akampoteza. Wily angebadilisha programu tu, kama alivyofanya kwa wale sita. Tofauti ya wanasayansi hawa wawili ipo hapo: Light anaunda kiumbe chenye hiari halafu anakubali gharama yake.

Kuhusu Gamma nakubaliana na wewe kabisa. Kumwamini Wily mara ile lilikuwa kosa, na hakuna namna ya kulipamba. Kwa wanaocheza: Gamma wa awamu ya pili anakufa kwa pigo moja la silaha ya Top Spin. Top Spin inafanya kazi ukiwa hewani tu, kwa hiyo kazi ni kupanda hadi usawa wa kichwa chake, kisha uruke na kuzunguka ukimgusa. Fika ukiwa na nishati ya Top Spin imejaa.

Halafu tazama gemu ya tisa (2008). Roboti nane za Light zimefikia tarehe ya mwisho ya matumizi na sheria inasema zivunjwe. Wily anatumia hofu yao hiyohiyo kuwageuza, kisha anamsingizia Light, na Light anakamatwa. Zile roboti hazikuwa za vita hata kidogo. Hornet Man alitunza bustani za maua, Splash Woman aliokoa watu baharini, Concrete Man alijenga misingi ya mabwawa, Magma Man alikuwa kwenye mtambo wa umeme wa joto la ardhini.

---

Mwale_wa_Sumaku

Na kwenye gemu ya tisa kazi zao za zamani bado unazitumia. Concrete Shot inagandisha ile mikondo ya moto kwenye hatua ya Magma Man na inakupa tofali la kukanyaga. Hornet Chaser inakwenda kukuletea kifaa kilicho mbali. Tornado Blow inakuongezea urefu wa kuruka.

Mduara wa mabosi: Splash Woman anakupa Laser Trident ya kumpiga Concrete Man. Concrete Shot kwa Galaxy Man, Black Hole Bomb kwa Jewel Man, Jewel Satellite kwa Plug Man, Plug Ball kwa Tornado Man, Tornado Blow kwa Magma Man, Magma Bazooka kwa Hornet Man, Hornet Chaser inarudi kwa Splash Woman.

Mkumbuke: hapa Mega Man hawezi kuchaji bastola wala kuteleza chini. Anayeweza ni Proto Man ukimchagua, na ana ngao inayomkinga anaporuka, lakini kila kipigo kinamtoa mara mbili. Udhaifu wake wa hadithi wameuweka kwenye mchezo wenyewe.

---

Kapsuli

Nimekuwa nasubiri tufike kwa Mega Man X. Kwangu huyo ndiye Light mkubwa kuliko wote, na hayupo hai.

Gemu ilitoka Desemba 1993. Light alimuunda X, roboti anayeweza kufikiri, kuhisi na kuamua mwenyewe bila mipaka. Alijua hatari yake. Alihitaji takriban miaka 30 ya kumpima kabla ya kumwachia, na alijua hataishi muda huo. Akamfunga ndani ya kapsuli pamoja na onyo kwa atakayemkuta. Aliyemkuta ni Dr. Cain, ambaye alinakili muundo ule na kuzalisha Reploid wengi bila kupima kwa miaka ile. Baadhi yao wakaasi. Vita vyote vya X vinatokana na mtu aliyeruka hatua ya upimaji ambayo Light aliona ni ya lazima.

Light alimwachia X vifaa kwenye kapsuli nne, na kila ukifungua moja anatokea kwa umbo la mwanga akikueleza kifaa. Mpangilio ninaoushauri:

Miguu, hatua ya Chill Penguin. Kapsuli ipo njiani, huwezi kuikosa. Inakupa dashi. Nenda huku kwanza bila mjadala, kwa sababu kapsuli nyingine zinategemea dashi ya kuruka kutoka ukutani: bonyeza dashi na kuruka kwa pamoja ukiwa umeshika ukuta.

Kofia, hatua ya Storm Eagle, nyuma ya matangi yanayolipuka. Inavunja matofali fulani kwa kichwa.

Mwili, hatua ya Sting Chameleon. Ukiwa kwenye pango usikimbilie mbele. Toka juu, panda mlima, rudi kwenye ukuta wa mwamba uingie kwenye tundu. Kuna mashine kubwa ya kupigana nayo kwanza. Ukipata mwili, madhara yanapungua kwa nusu. Kwa mchezaji mgeni hiki ndicho kifaa chenye thamani kuliko vyote.

Mkono, hatua ya Flame Mammoth, juu kabisa. Unahitaji miguu na kofia, maana matofali yanavunjwa kwa kichwa. Unapata kuchaji zaidi na kuchaji hata silaha za mabosi. Ukiukosa, Zero, mwenzake X, anakupa wake kwenye kasri la Sigma, kiongozi wa waasi, kwa hiyo usikate tamaa. Ila unakuwa umecheza sehemu kubwa ya gemu bila faida yake.

Jambo ambalo watu hawalioni: ukimshinda Chill Penguin, moto wa hatua ya Flame Mammoth unaganda. Ukimshinda Storm Eagle, umeme wa sakafuni kwa Spark Mandrill unazimika. Kwa hiyo Penguin na Eagle wawe mwanzoni.

---

mchezaji_mpya_22

Mkuu Kapsuli, na ile ya siri, Hadouken, pigo la mpira wa nishati? Nafika kwa Armored Armadillo, napanda juu, sioni kapsuli.

---

Kapsuli

Inakuwa hivyo kwa sababu masharti hayajatimia. Unatakiwa uwe na silaha zote nane, mioyo yote nane ya kuongeza uhai, matangi yote manne ya akiba, na vifaa vyote vinne vya Light. Kikikosekana kimoja, haitokei.

Ukishavipata: ingia hatua ya Armadillo, panda toroli la mwisho, likiruka shimo ruka kutoka ndani yake ushike ukuta wa mwamba ulio juu ya mlango wa bosi. Panda. Juu kuna kidonge kikubwa cha uhai, kichukue. Kisha jirushe shimoni ufe na urudie. Kapsuli inatokea kwa kawaida mara ya nne au ya tano, na lazima ufike ukiwa na uhai kamili. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanafika na uhai pungufu wanahisi kidonge cha pale kitatosha. Tumia tangi la akiba kabla ya kupanda toroli. Roho za ziada zikusanye mapema kwa popo wa hatua hiyohiyo.

Light anatokea amevaa nguo nyeupe za karate. Kuitumia: ukiwa umesimama chini na uhai umejaa, chini, chini-mbele, mbele, na kufyatua. Pigo moja linaua bosi. Uhai ukipungua hata kipande kimoja haitoki. Na kwenye toleo la asili neno la siri la kuhifadhi halikumbuki Hadouken, ukizima mashine unaanza kuitafuta upya.

---

Mzee wa Kasri

Sawa, nimekubali kuhusu X. Miaka 30 ya upimaji ni jibu la hoja yangu kwa sehemu. Mtu aliyeibiwa kazi yake mara nyingi hatimaye akaifungia. Ila nauliza gemu ya 11: Double Gear, mfumo wa kuongeza kasi na nguvu za roboti, ni ya Wily, Light aliipinga tangu wakiwa chuoni akisema inaulemea mwili wa roboti. Halafu anamfungia Rock kifaa kilekile. Hapo msimamo uko wapi?

---

BintiWaMaabara

Rock ndiye aliyeomba, mzee wangu, kama alivyoomba mara ya kwanza. Na Light aliyoyasema chuoni yote yanaonekana ukiitumia. Speed Gear inapunguza kasi ya kila kitu, Power Gear inaongeza nguvu ya risasi, lakini geji ikijaa hadi mwisho mfumo unazidiwa na joto na unakaa bila gia hadi upoe. Kwa hiyo usiiache ijae. Washa kwa sekunde chache, pita hatari, zima mwenyewe. Ukizima mapema geji inarudi upesi.

Ukiwa na uhai mdogo sana unaweza kuwasha zote mbili kwa pamoja. Tumia hiyo pale tu bosi amebakiza kidogo, kwa sababu ikiisha unabaki na risasi dhaifu moja moja, huwezi kuchaji, na bosi akiwa bado amesimama umekwisha. Kwenye maabara nunua Speed Gear Booster mapema, inakufanya utembee kwa kasi ya kawaida wakati vingine vyote vimepungua.

Mabosi nao wana gia. Block Man akibadilika kuwa mkubwa, mpige kwa Chain Blast. Mduara uliobaki: Block Dropper kwa Acid Man, Acid Barrage kwa Impact Man, Pile Driver kwa Bounce Man, Bounce Ball kwa Fuse Man, Scramble Thunder kwa Tundra Man, Tundra Storm kwa Torch Man, Blazing Torch kwa Blast Man. Ukianza na Block Man kwa bastola unaufuata bila kuruka.